Betri ya tope la jarubani: umeme wa bakteria, siyo wa kutu

Bakteria wa jamii ya Geobacter huishi kwenye tope lisilo na hewa, kama la majaruba ya mpunga kule Usangu, Mbeya. Wakishakula, elektroni hazina pa kwenda, hivyo huzisukuma nje ya mwili kwa nyuzi za protini hadi kwenye kitu kigumu kinachopokea. Nyuzi hizo ni fupi mno. Ila bakteria-kebo, waliotangazwa na watafiti wa Aarhus, Denmark, mwaka 2012, hushikana maelfu kwa mnyororo na kupitisha umeme sentimita kadhaa, toka tope la chini hadi penye oksijeni. Kwenye betri yetu ya ndoo, safari hiyo tunaikabidhi waya.

1. Vijiti. Tafuta mawe makubwa ya redio 16, hata yaliyokwisha. Yasiwe ya alkalaini: hayo hayana kijiti cha kaboni, na dawa yake huunguza ngozi. Vaa glavu, toa vijiti, ondoa vifuniko vya shaba. Vichome nje kwenye jiko la mkaa mpaka moshi wa nta uishe, piga msasa, kisha chemsha ukibadili maji hadi yasitoe weusi. Unga ule mweusi ukibaki, wenyewe hupokea elektroni na kukudanganya.

2. Waya. Funga vijiti vinne vinne. Zungushia waya wa shaba juu, kisha funika maungio yote kwa epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya), uache ikauke saa 24. Hapa ndipo wengi huharibu: shaba ikigusa tope inakula kutu, mita inapanda siku ya kwanza, watu wanashangilia.

3. Tope. Chimba sentimita 5 hadi 10 chini, penye weusi na harufu ya yai viza. Jaza sentimita 15 kwenye ndoo mbili. Tope la ndoo ya pili lichemshe kwanza saa nzima kuua bakteria, iwe ya kulinganishia. Kila ndoo, zika fungu moja sentimita 3 toka chini. Ongeza maji sentimita 4, fungu la pili lining'inie juu majini likigusa hewa.

4. Rizista. Unganisha mafungu kwa rizista (kipande kinachozuia umeme kiasi) ya omu 1,000 tangu mwanzo. Mafungu yasipounganishwa, bakteria hawana pa kumwagia elektroni.

Pima volti za rizista kwa mita kila siku saa ileile. Volti 0.2 ni miliampea 0.2, yaani miliwati 0.04 tu. Ndoo mbichi hupanda taratibu kwa wiki moja hadi tatu. Mbeya mwezi Juni, ndoo ikilala nje kwenye baridi, ngoja zaidi. Ile iliyochemshwa ikipanda sawasawa nayo tangu siku za mwanzo, kagua epoksi.

Taa ya LED nyekundu hutaka karibu volti 1.8. Usizike jozi nyingi za mafungu ndoo moja ukiziunga mfululizo: tope lenyewe linaziunganisha na volti hazijumuiki. Kila jozi na ndoo yake.