Kutunza nakala za gazeti la taifa bila kupoteza majarida yake ya wikendi

Kinachopotea kwanza katika mkusanyo wa magazeti ni jarida la ndani la Jumamosi au Jumapili. Gazeti lenyewe hubaki kwenye bunda. Jarida huchomolewa, husomwa pembeni na halirudi. Hata maktaba nyingi zilizopiga picha magazeti kwenye mikrofilamu (filamu ya picha zilizopunguzwa sana) zilifanya hivyo kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa hiyo kurasa za rangi za wikendi zikabaki vivuli tu. Ukiwa na toleo kamili, sehemu ngumu zaidi ya kulinda ni hiyo iliyotoka ndani.

Kabla ya kukunja chochote, hesabu kurasa. Fungua toleo kwenye meza safi, mikono ikiwa imenawiwa na kukauka, na uangalie kama kila sehemu ipo: gazeti kuu, kurasa za michezo kama zimetengwa, jarida, na matoleo maalumu ya kulipiwa na wizara au makampuni. Sehemu nyingine zina namba zake za kurasa zinazoanzia 1 upya, kwa hiyo usidhani ukurasa umerudiwa. Andika idadi kwa penseli laini ya 2B, pembeni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino husambaa na kutokea upande wa pili.

Hapo hapo andika jina kamili kama lilivyo kwenye kichwa cha gazeti. Magazeti ya zamani yana mitego ya majina. Daily News ya Tanzania ilizaliwa mwaka 1972 kwa kuunganisha The Standard na The Nationalist, na The Standard yenyewe ilianza mwaka 1930 kama Tanganyika Standard. Gazeti la Uhuru, la Tanzania pia, lina ndugu yake wa Jumapili aitwaye Mzalendo. Kule Kenya, Taifa Leo huwa na Taifa Jumapili. Anayepanga kwa jina moja tu, kisha akatafuta toleo la Jumapili, atadhani kuna pengo ambalo halipo. Namba ya toleo nayo iandikwe, maana Jumapili mara nyingi huwa na mfuatano wake.

Kwa nini gazeti huwa la njano

Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, mbinu iliyotokana na ugunduzi wa Friedrich Gottlob Keller mwaka 1844. Zinaposagwa, lignini ya mti (kitu kinachoshikanisha nyuzi za mbao) hubaki ndani. Mwanga na hewa vikiigusa hugeuka rangi, na asidi hukatakata nyuzi mpaka ukurasa unavunjika kwenye mkunjo. Ndiyo sababu gazeti la karne ya 18, lililotengenezwa kwa matambara, laweza kuwa jeupe kuliko la miaka 30 iliyopita.

Jarida la kung'aa ni karatasi nyingine kabisa. Limepakwa udongo laini mweupe unaoshika rangi vizuri. Halibadiliki njano haraka, lakini maji ni adui yake mkubwa: mipako ya kurasa mbili ikilowa na kukauka pamoja, hugandana kama gundi na huwezi tena kuzitenganisha. Kwa hiyo gazeti na jarida viwekwe karibu, lakini visigusane. Asidi ya karatasi ya gazeti huhamia kwenye jirani na kuacha kivuli cha hudhurungi.

Namna ya kuweka

Toa kwanza vitu vya chuma: klipu, pini za stepla zilizoongezwa na msomaji, na mpira wa kufungia. Pini za kiwandani zilizoshika jarida katikati ziache kama hazijapata kutu. Zikiwa na kutu, nyoosha miguu yake upande wa ndani kwa kijiti bapa na uzitoe moja moja, usivute kwa nguvu. Selotepu usiiguse. Gundi yake hugeuka njano na kuingia ndani ya nyuzi, na kuing'oa ni kung'oa maandishi. Kuziba mpasuko kwa selotepu mpya ni kosa lile lile, ila limecheleweshwa.

Plastiki ya kubandika kwa joto (laminesheni) ndiyo mbaya kuliko yote. Haiwezi kurudishwa nyuma, na asidi iliyomo kwenye karatasi hufungiwa ndani.

Laza toleo bapa. Gazeti pana likikunjwa mara moja tu, kwenye mkunjo wake wa kiwandani, linatosha. Kila mkunjo wa ziada ni mstari utakaokatika. Liweke kwenye bahasha au jalada la karatasi isiyo na asidi iliyotiwa kaboneti ya kalisi (aina ya chokaa inayopunguza asidi), yenye pH (kipimo cha asidi) ya kati ya 7.5 na 8.5. Jarida lipewe jalada lake, likafuate nyuma ya gazeti la siku ile ile, na uandike tarehe kwenye majalada yote mawili. Mfuko wa plastiki ukitumika uwe wa poliesta. PVC, aina nyingine ya plastiki, hutoa mvuke wenye asidi na hushikamana na wino.

Boksi lijae lakini lisibane, bunda lisizidi sentimita 10, vinginevyo uzito wa juu huchora wino kwenye ukurasa wa chini. Weka boksi kwenye rafu, angalau sentimita 15 juu ya sakafu, mbali na ukuta wa nje na mabomba. Joto la nyuzi 18 hadi 21 na unyevu wa hewa wa asilimia 35 hadi 50 ndiyo hali nzuri. Ukivuka asilimia 65 kwa muda, ukungu utaota. Kama huwezi kufikia viwango hivyo, jitahidi hali isipande na kushuka. Mabadiliko ya kila siku huumiza karatasi kuliko joto kidogo lisilobadilika.

Mende, mchwa na vidudu vya rangi ya fedha wanapoonekana, usipulizie dawa juu ya karatasi. Funga bunda kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, liweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 au zaidi, kisha liache lirudi joto la chumba ndani ya mfuko kwa saa 24 kabla ya kufungua.

Maji yakiingia

Hapa muda ni mfupi. Ukungu huanza ndani ya saa 48, na jarida la kung'aa halikupi hata muda huo. Lishughulikie kwanza: litenganishe ukurasa kwa ukurasa lingali limelowa, ukipitisha karatasi ya kunyonya katikati, au lifunge na kuligandisha kwenye friza mpaka upate nafasi. Usilianike kwenye jua. Gazeti lenyewe lina uvumilivu zaidi. Litandaze juu ya taulo, feni ikielekezwa ukutani, si juu yake.

Kupiga picha

Nakala ya dijitali haichukui nafasi ya karatasi, lakini hupunguza kufungua boksi. Skana ya A3 ina eneo la sentimita 29.7 kwa 42, hivyo gazeti dogo huingia karibu lote. Gazeti pana litahitaji picha mbili zenye kupishana takribani sentimita 5, au kamera iliyosimamishwa sawasawa juu ya meza. Weka taa mbili, kila moja nyuzi 45 pembeni. Kwa jarida la kung'aa zisogeze chini zaidi hadi mng'ao upotee kwenye lenzi. Ukurasa mwembamba ukionyesha maandishi ya nyuma, chomeka karatasi nyeusi chini yake.

Nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa kusoma. Nukta 400 husaidia programu ya kutambua herufi pale maandishi ni madogo, kama matangazo ya vifo. Hifadhi asili kama TIFF (aina ya faili ya picha inayotunza ubora wote), kisha utoe PDF ya kusomea. Piga jarida kwa rangi hata kama ukurasa una rangi moja tu. Majina ya faili yaanze na jina la gazeti na mwaka, mfano mzalendo_1974-03-10_g_uk01 kwa gazeti kuu na mzalendo_1974-03-10_j_uk01 kwa jarida. Mpangilio huu wa tarehe huyaweka yenyewe katika mfuatano, na herufi j hukuonyesha mara moja siku ambayo jarida halikupigwa.