Halmashauri ipunguze vipi mafuriko? Anzeni na ramani

Kama uko halmashauri na kila mvua ikinyesha simu haziishi, anzeni na ramani kwanza, maana bila kujua maji yanafika wapi mtabaki kukimbizana na ndoo tu. Pima mwinuko wa ardhi, kusanya rekodi za mvua na mto, halafu waulize wazee maji yalifika ukuta gani, hao wanajua kuliko kompyuta wakati mwingine.

Hapo sasa mnachora eneo la mafuriko ya miaka 100. Watu hudhani yanakuja mara moja kwa miaka 100, sio hivyo jamani, maana yake kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1, na kwa nyumba itakayokaa miaka 30 inafika kama asilimia 26, sio mchezo.

Ramani ikishatoka iwe sheria ya vibali. Karibu na mkondo hakuna kujenga, acha viwanja vya mpira, bustani, mashamba. Pembeni kidogo ruhusu ila sakafu iwe juu ya kimo cha maji na ziada kidogo. Na usikubali mtu ajaze kifusi bondeni, yeye atapona ila maji yanahamia kwa jirani.

Mitaro zibueni kabla ya msimu, sio siku ya mvua (hii kila mtu anaijua na hakuna anayeifanya). Nyumba zinazozama kila mara, bora kuwalipa wenyewe fidia ya haki wahame, ubomoe, pabaki wazi moja kwa moja.