Mtoto anapokwenda kusoma Marekani: maswali ya bunduki ambayo mzazi wa Kigoma ayaulize mapema

Familia nyingi za Kasulu, Kibondo na Kigoma mjini zina mtu wao Marekani. Wengine walipitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wakahojiwa mara kwa mara, kisha wakapanda ndege. Wengine wamechukuliwa na mjomba au shangazi aliyetangulia. Kabla ya safari mazungumzo huwa ya makoti, baridi na Kiingereza. Suala la bunduki huachwa, kwa kuwa linatisha, au kwa kuwa mzazi huona limemzidi kimo. Halijamzidi. Bunduki inayoingia darasani kule mara nyingi haitoki kwa jambazi. Hutoka nyumbani kwa mwanafunzi mwenyewe, kwenye droo ambayo mtu mzima alidhani watoto hawaijui.

Mwaka 2002 Secret Service, idara inayomlinda rais wa Marekani, pamoja na Wizara ya Elimu ya nchi hiyo walitoa uchunguzi wa mashambulio 37 ya shuleni yaliyotokea kati ya 1974 na 2000. Zaidi ya theluthi mbili ya washambuliaji walipata silaha kwao au kwa ndugu. Katika mashambulio manne kati ya kila matano, kulikuwa na angalau mtu mmoja aliyejua au aliyedokezwa kabla, na mara nyingi alikuwa mwanafunzi mwenzake. Uchunguzi mwingine wa 2019, wa mashambulio 41 ya miaka ya 2008 hadi 2017, uliona jambo lile lile: kati ya waliotumia bunduki, robo tatu waliichukua kwa mzazi au ndugu wa karibu.

Kwa hiyo kazi ya mzazi ni mbili. Bunduki iwe imefungwa, na madokezo yasikilizwe. Mengine yote katika mwongozo huu yanatokana na hayo mawili.

Kwa nini kule, na kwa nini shuleni

Huku kwetu mwenye bunduki ama ana kibali, ama ni mwindaji anayeficha gobole lake porini. Marekani haki ya raia kumiliki silaha imo kwenye Katiba, katika marekebisho ya pili ya mwaka 1791, na makadirio ya 2017 yalihesabu bunduki za raia karibu milioni 393, nyingi kuliko watu wenyewe. Vijana wenye hasira, wanaoonewa au waliokata tamaa wapo kila nchi. Tofauti ni kwamba kule, usiku wa hasira, silaha iko hatua chache kutoka kitandani.

Ukiwatazama washambuliaji wenyewe, hakuna sura moja ya kuwatambua. Wapo wenye alama nzuri na wapo waliofeli, wapo wapweke na wapo wenye marafiki. Yanayojirudia ni haya: uchunguzi wa 2002 uliona 71 kati ya kila 100 walijiona wameonewa au kuteswa na wenzao, na 78 kati ya kila 100 waliwahi kufikiria kujiua au kujaribu. Hiyo ya pili ishike sana. Kijana anayesema hataki kuishi, katika nyumba yenye bunduki, yuko hatarini hata kama hamchukii mtu yeyote. Mwaka 2021 bunduki ziliua watu 48,830 Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua. Mashambulio ya shuleni ndiyo yanayofika kwenye taarifa ya habari, lakini ni sehemu ndogo ya vifo hivyo. Mtoto wako ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuikuta bunduki sebuleni kwa rafiki kuliko darasani.

Kumuuliza mwenyeji

Anza na nyumba atakayolala. Swali hili ni gumu kwa sababu anayekupokelea mtoto anakufadhili, na kumuuliza habari za bunduki huonekana kama kumshuku. Mtumie ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, asikie upole wako. Maandishi matupu husomwa kwa ukali. Kwa mfano: "Mdogo wangu, Mungu akubariki kwa kumpokea mtoto. Nina swali moja, namuuliza kila mtu: humo ndani kuna bunduki? Kama ipo inafungiwa wapi, risasi zinakaa wapi, na ufunguo anashika nani?" Kama mwenyeji ni mkubwa wako, tanguliza shikamoo na habari za nyumbani, kisha uliza maswali yale yale bila kupunguza hata moja.

Jibu la "ipo, lakini imefichwa" si jibu. Kabatini, chini ya godoro, juu ya friji: watoto huko ndiko wanakocheza. Jibu unalotaka lina mambo matatu. Bunduki haina risasi ndani, imefungwa kwa kufuli au ndani ya sefu, na risasi ziko kwenye kitu kingine chenye kufuli yake.

Kufuli ya kawaida ni ya waya, na vituo vingi vya polisi kule huitoa bure. Muombe mwenyeji akueleze hatua kwa hatua alivyofanya, kwa sababu makosa hutokea papo hapo. Kwa bastola, magazini (kibebeo cha risasi) hutolewa kwanza, kisha chemba, yaani pale inapokaa risasi iliyo tayari kufyatuliwa, hufunguliwa na kuangaliwa kwa macho. Kosa linaloua ni hili: mtu anatoa magazini, anaamini bastola iko tupu, kumbe risasi moja imebaki kwenye chemba. Baada ya hapo waya hupitishwa kwenye tundu la kutolea maganda, hutokea chini panapokaa magazini, ndipo kufuli hubanwa. Waya ukikaa hivyo, sehemu ya juu ya bastola haiwezi kurudi mahali pake wala kupakia risasi. Wako wanaouzungusha waya kwenye duara la kifyatulio tu. Huo haujafunga kitu. Ufunguo usitundikwe na funguo za gari, na namba ya siri ya sefu isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto wala ile iliyotoka nayo dukani.

Mtoto asiguse chochote katika haya. Yeye mfundishe jambo moja: akiona bunduki kwa rafiki, hata kama wenzake wanasema ni ya kuchezea, atoke chumba hicho, amwambie mtu mzima, na ampigie mwenyeji aje kumchukua. Bunduki za kuchezea nazo asitembee nazo nje. Novemba 2014, mjini Cleveland, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa na bastola ya bandia kwenye bustani alipigwa risasi na polisi sekunde chache baada ya gari lao kufika.

Maneno yanayotangulia

Michigan, katika shule ya sekondari ya Oxford, Novemba 2021, kila kitu kilionekana kabla. Baba alimnunulia kijana wa miaka 15 bastola siku ya Ijumaa. Jumatatu mwalimu alimkuta kijana akitafuta risasi kwenye simu, na shule ikamwachia mama ujumbe. Jumanne asubuhi mwalimu mwingine aliona karatasi ya hesabu imechorwa bunduki, na maneno ya kuomba msaada. Wazazi wakaitwa, wakakaa kikao kifupi, wakakataa kumrudisha nyumbani siku hiyo. Hakuna aliyefungua begi lake. Muda mfupi baadaye wanafunzi wanne waliuawa. Kufuli ya waya iliyouzwa na bastola ilikutwa bado ndani ya pakiti yake. Mwaka 2024 baba na mama walihukumiwa kila mmoja kifungo cha miaka 10 hadi 15 kwa kuua bila kukusudia, wazazi wa kwanza Marekani kutiwa hatiani kwa kosa hilo kutokana na shambulio la mtoto wao shuleni.

Shule ikipiga simu, basi, mwenyeji aende siku hiyo hiyo. Na asimtumie mtoto kama mkalimani. Sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 inazibana shule za umma kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mkalimani wa Kiswahili hupatikana hata kwa simu, bila malipo. Mtoto akitafsiri kesi yake mwenyewe atapunguza makali. Akitafsiri ya mdogo wake atamwonea huruma. Ombeni mkalimani mwanzoni mwa muhula, isisubiriwe siku ya tatizo.

Mtoto wako naye ataona na kusikia mambo. Mweleze tofauti ya hasira na mpango. Mwenzake akisema kwa jazba "nitakukomesha", kisha jioni wanacheza pamoja, hiyo ni hasira, ingawa mwalimu bado anastahili kujua. Mpango una jina la mtu au mahali, una siku, una silaha inayotajwa au kuonyeshwa kwenye picha, au una onyo kama "Ijumaa usije shule". Likisikika neno la namna hiyo, halingojei kesho. Amwambie mwalimu anayemwamini au mshauri wa wanafunzi, na kama hatari iko karibu wapige 911. Anayepokea simu, atajiwe kwanza jina la lugha, "Swahili", na mji aliopo anayepiga. Majimbo kadhaa yana njia ya kutoa taarifa bila kutaja jina: Colorado ina Safe2Tell, iliyozaliwa baada ya mauaji ya shule ya sekondari ya Columbine ya 1999, na Michigan ina OK2SAY. Watoto wetu huogopa kuitwa wambea. Mwambie wazi kuwa umbea ni kutaka mwenzako aadhibiwe, na hapa anataka mwenzake asife.

Kwa anayesema anataka kufa kuna namba 988, inayofanya kazi usiku na mchana tangu Julai 2022. Na kama mwenye hatari ni mtu mzima mwenye silaha nyumbani, majimbo zaidi ya 20 yanaruhusu mahakama kuamuru bunduki ziondolewe kwake kwa muda. Polisi ndio huelekeza namna ya kuomba.

Kuna upande wa pili ambao familia zetu huumia nao. Uwanjani Ujiji mtoto akipigwa chenga husema "leo nakuua", na hakuna anayegeuka. Maneno hayo hayo kwa Kiingereza, kwenye korido ya shule ya Ohio, humfikisha kwa polisi. Mwanafunzi anayeleta bunduki shuleni, kwa sheria ya nchi nzima ya 1994, hufukuzwa kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na vitisho vya mdomo navyo vina adhabu zake. Kuua, bomu na bunduki havitaniwi shuleni, havichorwi daftarini, havitumwi kwenye makundi. Video ya vitisho aliyotumiwa asiisambaze hata kwa nia ya kuonya. Amwonyeshe mtu mzima.

Mazoezi na siku yenyewe

Shule nyingi hufanya mazoezi ya kujifungia: taa huzimwa, mlango hufungwa, watoto hukaa kimya kwenye pembe isiyoonekana kutoka mlangoni. Kwa mtoto aliyezaliwa kambini, au aliyesikia milio ya kweli ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zoezi hili linaweza kumrudisha kule alikotoka. Mwenyeji amwambie mshauri wa wanafunzi historia hiyo, na aombe kujulishwa tarehe kabla. Usiku wa kabla mtoto aelezwe kwa Kiswahili kitakachotokea na kwamba ni mazoezi. Mwenyeji aulize pia kama mlango wa darasa unafungwa kwa ndani na kama kitasa kinafanya kazi. Katika shambulio la shule ya Uvalde, Texas, Mei 2022, mlango wa nje ulikuwa umerudishwa lakini haukujifunga, na polisi walikaa dakika 77 kabla ya kumkabili mshambuliaji. Watoto 19 na walimu wawili walikufa.

Likitokea la kweli, mtoto akimbie kama njia iko wazi, ajifiche kama haipo, na kupambana ni pale tu asipobakiwa na njia nyingine. Simu iwe kimya kabisa, hata mtetemo uzimwe. Hapa ndipo mzazi wa Kigoma anapoweza kuharibu bila kujua. Saa mbili asubuhi ya Ohio ni saa tisa alasiri kwetu katika kiangazi chao, na saa kumi katika majira yao ya baridi, kwa hiyo habari itakukuta macho, na mkono utakwenda kwenye simu. Usimpigie. Mlio mmoja unaweza kuonyesha alipojificha. Mpigie mwenyeji, na mkubaliane tangu sasa kwamba mtoto ndiye atakayetuma neno moja akiwa salama.

Wazazi hawaruhusiwi kwenda shuleni penyewe. Shule hutangaza mahali pengine pa kukabidhiwa watoto, na hakuna anayekabidhiwa bila kitambulisho. Jina la anayekwenda lazima liwe kwenye fomu ya dharura, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho. Kwa watu waliopitia kambini hili huleta shida, kwa sababu majina yaliandikwa yakipinduka, la ukoo mbele kwenye karatasi moja na nyuma kwenye nyingine. Mwombe mwenyeji apige picha fomu na kitambulisho chake, akutumie, mlinganishe wote wawili. Kwenye fomu aongezwe na mtu wa pili, jirani au mtu wa kanisani au msikitini mwenye gari, kwa kuwa mwenyeji anaweza kuwa zamu kiwandani siku hiyo, na simu yake imefungiwa kabatini.