Kupima macho ya wanafunzi shuleni, hatua kwa hatua

Mimi ni muuguzi wa zahanati kando ya Ziwa Victoria. Tukienda shule za msingi za kata yetu tunaangalia ngozi, meno, masikio na uzito pia, lakini leo nitakaa zaidi kwenye macho. Mtoto asiyeona ubaoni hasemi, kwa sababu hajui kwamba wenzake wanaona tofauti. Anaitwa mzito wa kuelewa, naye anakubali.

Kabla ya siku yenyewe. Kubaliana na mwalimu mkuu na mwalimu wa afya, wazazi wapewe taarifa. Ulizia mapema hospitali ya wilaya siku za kliniki ya macho na bei ya miwani. Kumwambia mzazi "mwanao haoni vizuri" bila kumwonyesha pa kwenda ni kumtwisha mzigo tu.

Hatua ya 1: chati na umbali. Tumia chati ya E. Mtoto hahitaji kujua kusoma, anaonyesha kwa mkono tu miguu ya E imeelekea wapi. Chati nyingi ni za mita 6, nyingine za mita 3, kwa hiyo soma maandishi yake kwanza. Pima kwa futikamba, usikadirie kwa hatua, kisha chora mstari wa chaki. Ukichapisha chati mwenyewe, shika rula: kwenye chati ya mita 6, herufi ya mstari wa 6/12 (yaani ule anaousoma mtoto akiwa mita 6, ambao mwenye macho mazima huusoma akiwa mita 12) iwe na urefu wa karibu milimita 17.5. Printa ikizipunguza, utawaangusha watoto wazima.

Hatua ya 2: mazoezi. Chora E kubwa ubaoni, darasa zima lifanye pamoja. Foleni ikae nje, wasije wakaikariri chati.

Hatua ya 3: jicho mojamoja. Hapa ndipo tunapokosea. Mwaka mmoja nilimpitisha binti wa darasa la tatu aliyejibu harakaharaka. Mwalimu wake hakuridhika, akamrudisha kwangu. Nikamtazama kwa karibu: kiganja kilikuwa usoni, lakini vidole vimeachana, anachungulia. Nilipolifunika jicho la kulia mwenyewe kwa kadi ngumu, la kushoto halikuona hata ile E kubwa ya juu. Tangu siku hiyo msaidizi husimama ubavuni mwa mtoto na kuishika kadi yeye. Asilibonyeze jicho, maana likibonyezwa huona ukungu kwa muda.

Anza kulia, kisha kushoto. Mwonyeshe herufi 5 za mstari wa 6/12. Akipata 4, jicho hilo limepita. Mwangalie yeye kuliko chati: anayekunja macho au kuinamisha kichwa anahangaika. Mwenye miwani apimwe akiwa ameivaa.

Hatua ya 4: kitundu. Aliyeshindwa mpe kadi yenye kitundu cha milimita 1 hivi, achungulie chati tena. Akiona vizuri zaidi, mara nyingi miwani itamfaa. Asipoona zaidi, tatizo laweza kuwa ndani ya jicho lenyewe. Wote wawili wapewe rufaa. Mwenye makengeza, jicho jekundu linalouma au weupe ndani ya mboni apelekwe hata kama amesoma chati yote.

Mengine ni ya haraka: mapunye na upele, usaha masikioni, meno yaliyotoboka, viganja vilivyopauka (huenda damu imepungua). Huku kwetu kuna kichocho, basi mwulize kila mtoto faraghani kama anakojoa damu. Wapo wanaodhani ni kawaida.

Hatua ya 5: ufuatiliaji. Usisome majina mstarini. Mzazi apewe karatasi inayosema ni jicho gani, aende wapi na siku gani. Baada ya mwezi rudi shuleni na daftari lako, umwite mmojammoja: alikwenda? Alipata miwani? Mbona hajaivaa? Ukimkuta ameificha kwa sababu wenzake wanamtania, zungumza na darasa lote kabla hujaondoka. Na anayesubiri miwani akae dawati la mbele kuanzia siku ileile aliyopimwa.