SOMO: Kufunga 1JZ-GTE kwenye Mark II GX81, kuanzia nusu gari hadi barabarani

Wakuu, wiki hii nimeulizwa mara saba jinsi ya kufunga 1JZ-GTE, injini ya Toyota yenye tabo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa ekzosti), kwenye Mark II GX81, na mara zote saba nimejibu kwa sauti ya WhatsApp huku mikono ina grisi. Naandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia somo hili.

GX81 zilitoka kati ya 1988 na 1992. Nyingi leo zimelala chini ya miembe, bodi nzima, viti vya velveti bado vizuri, ila injini yake ya 1G-FE imechoka. Uzuri ni kwamba kuanzia 1990 Toyota wenyewe waliiwekea bodi hiyohiyo injini ya 1JZ-GTE na kuiita JZX81. Kwa hiyo hatulazimishi kitu. Tunaliwekea gari kile ambacho ndugu yake alizaliwa nacho.

Hatua ya 1: Kununua. Nunua nusu gari, yaani mbele ya gari iliyokatwa ikiwa na injini na vifaa vyake, usinunue injini tupu. Ukinunua injini tupu utaanza kuzunguka maduka ya spea ya Gerezani kutafuta kontroli boksi (kompyuta ya injini), waya, ignaita, pedali ya klachi, na mwisho utakuwa umelipa zaidi. 1JZ-GTE ziko za aina mbili. Ya zamani ina tabo mbili za CT12A na torki ya Nm 363 kwenye mizunguko 4,800. Ya kuanzia 1996 ina VVT-i (mfumo wa kubadilisha taimingi ya vali), tabo moja ya CT15B, Nm 378 kwenye mizunguko 2,400 tu. Zote kwenye karatasi ni farasi 280. Somo hili ni la ile ya zamani. Kabla ya kulipa, toa plagi zote sita upime kompresheni. Silinda zikitofautiana zaidi ya bar 1, acha. Ukiambiwa inatoka kwenye Soarer, fahamu kwamba feni yake ni ya haidroliki na itakupa kazi ya ziada.

Hatua ya 2: Injini ikiwa bado chini. Badilisha mkanda wa taimingi, tenshena, pampu ya maji na sili za krenki, hata kama muuzaji anaapa ni vipya. Badilisha pia hosi ndogo za maji na oili za tabo ya nyuma. Injini ikishaingia mkono haufiki huko.

Hatua ya 3: Toa 1G na giaboksi yake. Hii kila fundi anaijua.

Hatua ya 4: Maunti na sampu (bakuli la oili). Tafuta mikono ya maunti ya JZX81. Ukiwa nayo, injini inakaa bila kuchomelea. Injini iliyotoka kwenye gari la aina nyingine inaweza kuja na sampu yenye tumbo mahali pengine, nayo itagusa krosimemba (mhimili wa chini ya injini). Pima kabla ya kuinua winchi.

Hatua ya 5: Giaboksi. Ya manyuo ni R154, ya otomatiki ni A340E. Propela shafti ikatwe kwa kipimo na ipelekwe kubalansiwa. Isiyobalansiwa itatetema ukifika spidi 80 na kula beringi ya kati.

Hatua ya 6: Petroli. Hapa naomba mtu asiruke mstari.

Mwaka 2014 nilifunga injini hii kwa mteja wa Iringa. Gari liliwaka mara ya kwanza, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ilitulia, nikalizungusha Mandela Road siku mbili na lilivuta vizuri. Pampu ya petroli nilimwachia ile ya 1G iliyokuwa kwenye tanki. Ilikuwa inafanya kazi, sikuona sababu ya kuitoa. Akaondoka asubuhi. Alipofika mlima Kitonga alikuta malori, akasubiri nafasi, akaingia gia ya tatu na kukanyaga mguu wote ili ayapite mlimani. Nguvu ikakatika, moshi wa bluu ukajaa nyuma.

Nilipanda basi nikamfuata. Nilitoa plagi pale pale kando ya barabara. Tano zilikuwa na rangi ya kahawia, nzuri kabisa. Ya sita ilikuwa nyeupe, na kwenye kauri yake kulikuwa na chembe ndogo zinazong'aa, kama mchanga wa fedha. Nilijua kabla ya kufungua hedi. Zile chembe ni aluminiamu ya pistoni. Tulipofungua, pistoni ilikuwa na tundu linaloingia kidole kidogo. Injini ya pili niliinunua mimi.

Sababu ni hesabu ya kawaida. 1G-FE ina farasi 135, hii ina 280. Nguvu zaidi ya mara mbili inataka petroli zaidi ya mara mbili. Nozeli za 1JZ ni cc 380 kwa dakika kila moja. Sita zikifunguka zote ni cc 2,280 kwa dakika, yaani lita 137 kwa saa. Tena kadiri busti (presha ya hewa inayosukumwa na tabo) inavyopanda, regyuleta inapandisha presha ya petroli kwa kiasi hichohicho, na pampu yoyote ikisukuma dhidi ya presha kubwa inatoa kidogo zaidi. Kwa hiyo inaishiwa wakati ule ule unapoihitaji. Kwenye tambarare unakanyaga sekunde tano unaachia, huoni kitu. Mlimani unakanyaga nusu dakika. Mchanganyiko unakauka, joto linapanda, petroli inalipuka yenyewe kabla ya cheche, na pistoni inayeyuka. Hakuna taa itakayowaka kukuonya.

Basi fanya hivi. Weka pampu ya lita 255 kwa saa au ile ya Denso ya Supra JZA80, na uinunue kwa mtu unayeweza kumrudia, maana feki ni nyingi. Vuta waya mpya mnene, wa milimita 4 za mraba, kutoka betri hadi tanki kupitia relei na fyuzi. Waya wa zamani wa GX81 uwe wa kuamsha relei tu. Badilisha filta. Badilisha kila hosi ya mpira iliyo kwenye njia ya petroli, na tumia hosi ya presha yenye klampu za injeksheni. Zile klampu za meno zinakata mpira.

Halafu pima. Funga geji ya presha ya petroli ambayo utaiona ukiwa unaendesha, itegwe nje ya kioo, kamwe usiingize petroli ndani ya gari. Chomoa hosi ya vakiumu ya regyuleta gari likiwa sailensa, andika namba, rudisha hosi. Nenda barabarani na mtu wa pili wa kusoma geji. Busti ikifika bar 0.7, presha ya petroli lazima iwe bar 0.7 juu ya namba uliyoandika. Ikipanda halafu ikaanza kushuka wakati busti bado ipo, achia mguu hapohapo. Hujamaliza kazi. Kama una geji ya mchanganyiko (uwiano wa hewa kwa petroli), kwenye busti ikae kwenye 11 na nusu hivi. Ukiona 13, achia.

Na usipandishe busti. Gurudumu la moto la CT12A ni la kauri, likizidishiwa linavunjika na vipande vinaenda kwenye ekzosti. Petroli yetu nayo si ile ya oktani ya juu ambayo injini hii ilitengenezewa kule Japani.

Hatua ya 7: Waya. Usikate soketi hata moja mpaka umechora. Kontroli boksi inataka vitu vichache: umeme wa kudumu, umeme wa swichi, waya wa stata, athi, sensa ya spidi na relei ya pampu. Athi zake zinafungwa kwenye manifoldi ya hewa. Kwaruza rangi, kaza, halafu vuta athi nyingine nene toka injini hadi bodi. Nusu ya magari yanayoletwa kwangu "yanamisi" yana athi mbovu tu.

Hatua ya 8: Kupoza. Rejeta ya 1G haitoshi kwa foleni za Dar. Weka kubwa, na kava la feni lirudi mahali pake. Intakula ikae mbele, mabomba yafungwe vizuri.

Hatua ya 9: Breki. Breki za JZX81 au kubwa zaidi, kabla gari halijatoka gereji. Silizungumzi hili na mteja, ni sharti.

Hatua ya 10: Kuwasha. Chomoa soketi ya ignaita na fyuzi ya EFI, piga stata vipande vipande mpaka taa ya oili izime, ndipo urudishe uwashe. Unganisha TE1 na E1 kwenye boksi la daignosisi, weka taimingi nyuzi 10.

Hatua ya 11: Kadi. Namba ya injini imebadilika. Nenda TRA ukabadilishe, ukiwa na risiti na karatasi za forodha za injini.

MASWALI

dogo_wa_tandika: Mkuu habari, eti pampu ya zamani inafaa?

Mwandishi: Hatua ya 6.

dogo_wa_tandika: Ndefu sana mkuu. Nijibu tu ndiyo au hapana.

Mwandishi: Hapana. Rudi uisome, imeandikwa kwa ajili yako.

fundi_kigamboni: Unatisha watu. Mimi nimefunga tatu na pampu ya 1G, mpaka leo zinatembea.

Mwandishi: Umepima presha kwenye busti? Zimepanda Kitonga au Sekenke na mzigo? Kama umepima na namba zimesimama, weka picha ya geji hapa na nitarekebisha somo. Kama hujapima, wateja wako ndio wanakupimia.

neema_umeme: Shikamoo fundi. Mimi niko VETA mwaka wa pili, umeme wa magari. Naomba kuelewa: kwa nini uvute waya mpya wakati wa zamani unapitisha umeme na pampu inazunguka? Na nimesikia 1JZ ina kifaa kinachopunguza umeme wa pampu makusudi. Hivyo viwili havipingani?

Mwandishi: Marahaba binti yangu, swali zuri sana. Waya wa zamani unapitisha umeme, lakini pampu kubwa inavuta ampea nyingi zaidi, na kila ampea inapoteza voti kidogo kwenye waya mwembamba, soketi zenye kutu na swichi ya zamani. Alternata inatoa 13.8, pampu inapata 11 au chini. Pampu ni mota, voti ikishuka inazunguka polepole na lita zinapungua sana. Kile kifaa cha Toyota kinafanya kitu tofauti: kinapunguza umeme wakati wa sailensa na mwendo mwepesi tu, ili pampu isichoke, isipige kelele, na petroli inayorudi tanki isipate joto. Mguu ukienda chini kinaipa umeme wote. Umeme wako ukipungua kwa sababu ya waya, unapungua wakati wote, hata mlimani. Chukua mita, weka ncha kwenye soketi ya pampu juu ya tanki huku injini inafanya kazi na pampu imeunganishwa. Bila mzigo mita itakudanganya.

neema_umeme: Asante sana. Baba mdogo ana GX100 yenye pampu kubwa, nitaipima Jumamosi.

mzee_wa_njiro: Fundi, sisi wa Arusha tuko juu, kama mita 1,400. Hii injini itatusumbua?

Mwandishi: Haitasumbua mzee wangu. Hewa ya huko ni nyepesi kwa asilimia 13 hivi, lakini sensa ya 1JZ ya zamani inasoma presha halisi ya manifoldi, kwa hiyo petroli inapimwa kulingana na hewa iliyopo. Utaona tabo inachelewa kidogo na nguvu ni pungufu kuliko Tanga. Kishawishi kitakuwa kupandisha busti ili irudi. Usifanye hivyo, kwa sababu huko juu tabo tayari inazunguka kasi zaidi kupata busti ileile, na kauri yake ina mwisho.

kamau_thika: Asante kwa somo, fundi. Huku Kenya mambo ya kadi yako vipi?

Mwandishi: Kwenu ni NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), mabadiliko ya injini yaingie kwenye logbuku. Tunza karatasi zote za injini tangu siku unainunua.

tx_bora: gari langu linawasha taa ya cheki injini linawaka linazima tatizo nini

Mwandishi: Injini gani? Msimbo namba ngapi? Unganisha TE1 na E1, hesabu taa inavyomweka. 12 ni ishara ya mzunguko, 31 ni sensa ya presha ya manifoldi, 52 na 55 ni sensa za noki (kugonga kwa injini). Ukirudi na namba nitakusaidia.

mama_spea: Nyongeza kutoka dukani. Soketi za injini hizi zina zaidi ya miaka 30, plastiki imekauka. Mkiifungua kwa nguvu kikufuli kinavunjika, halafu mnakuja kwangu kuitafuta na sina. Imwagieni maji ya moto kwanza, au tumieni drai ya saluni dakika moja. Inalainika.

Mwandishi: Asante mama, hilo sikuliandika na lilipaswa kuwemo. Kausha vizuri baadaye. Na kila soketi ibandike tepu yenye jina kabla hujaichomoa.

fundi_kigamboni: Bolti mimi naweka kwenye trei za mayai, kila tundu naandika pembeni ilipotoka.

Mwandishi: Naichukua hiyo.

neema_umeme: Fundi, nimepima GX100 ya baba mdogo. Soketi ya pampu ilikuwa 10.9. Nimevuta waya mpya na relei, sasa ni 13.4. Anasema hata kuwaka asubuhi kumebadilika.

Mwandishi: Safi sana. Sasa rudia usiku, taa zote, AC na feni ya rejeta zikiwa zimewaka, uniletee namba.