Somo: Kibali na usalama wa kuruka banji (kujirusha ukiwa umefungwa kamba ya mpira) kutoka kwenye helikopta

Swali la "nina helikopta, nina kamba, naanzia wapi?" limeulizwa mno. Naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena bila kusoma nitamrudisha hapa hapa.

1. Vibali ni viwili. Kimoja ni cha mamlaka ya usafiri wa anga: helikopta, rubani, mwendeshaji. Cha pili ni cha upande wa kamba, mikanda na msimamizi wa kuruka, na hapo mwongozo kama AS/NZS 5848 wa Australia na New Zealand unafaa kuigwa. Kibali cha darajani hakipandi angani.

2. Helikopta yenyewe. Marekani, mtu anayening'inia nje ya helikopta yuko Daraja D la Sehemu ya 133, kanuni za anga za mizigo inayobebwa nje ya helikopta. Helikopta iwe imethibitishwa Kundi A (daraja la helikopta za injini zaidi ya moja), na iweze kuelea hata injini moja ikizima, kwa uzito na mwinuko ule ule wa kazi. Kwa kanuni hiyo, ya injini moja imeshatoka. Ulaya utapitia Part-SPO (sehemu ya kazi maalumu za ndege), ndani ya Kanuni 965/2012, na kazi za kibiashara zenye hatari kubwa huombewa idhini kabla ya kuanza. Piga hesabu ya nguvu kwa joto la saa nane mchana. Wengi huleta hesabu ya alfajiri.

3. Ndoano. Hapa ndipo maombi mengi hukwama, soma polepole. Ndoano ya kawaida ya mizigo, ile iliyo chini ya tumbo la helikopta, hufunguka rubani akibonyeza kitufe kimoja. Kwa wavu wa saruji huo ni uokovu, maana injini ikisumbua mzigo unatupwa. Kwa mtu ni kifo. Ndiyo maana kanuni hiyo ya Marekani inataka kifaa cha kumbebea mtu kiachie kwa vitendo viwili tofauti. Juu ya hapo weka kishikizo cha akiba, kwa mfano mkanda unaozunguka tumbo la helikopta, wenye njia yake ya kuachia.

Tahadhari ya kwanza: usiunganishe ndoano kuu na akiba kwenye saketi moja ya umeme. Hitilafu moja itafungua zote mbili, na hiyo akiba itakuwa ya jina tu.

Ya pili ndiyo mbaya zaidi. Kamba ya banji hukaza, hulegea, hukaza tena. Ikilegea, pete inayoshika kamba inarukaruka juu ya ndoano. Pete isiyo ya kipimo sahihi inaweza kulalia kile kilimi cha kufungia, na kamba ikikaza upya inakisukuma na kutoka, bila mtu yeyote kugusa kitufe. Mzigo wa kawaida ukishanyanyuliwa haulegei hivyo, kwa hiyo pete iliyobeba saruji miaka yote haijathibitisha lolote. Tumia pete ya kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha ndoano, na ijaribu kwa mkono: ilegeze, izungushe, ivute kila upande.

4. Hesabu ya kamba. Mrukaji wa kilo 80, kamba ya mita 15 inayovutika hadi 45. Nguvu ya juu ni uzito × 2 × (urefu wa mwisho ÷ kiasi kilichovutika): 80 × 2 × 45 ÷ 30 = kilo 240. Mpira si springi kamili, kwa hiyo hesabu hii ni ya kuanzia tu. Kamba yako ipime. Kwenye uzito wa helikopta andika 240, si 80. Viwango vya Marekani vya kuthibitisha kifaa cha kubebea mtu nje hutumia kizidisho cha 3.5, na kamba hii peke yake imeshakula 3. Kilichobaki ni cha upepo na mkono wa rubani.

5. Majaribio. Mifuko ya mchanga kwanza, ya uzito mwepesi na mzito kabisa utakaoruhusu. Piga video kutoka pembeni upime inarudi juu kiasi gani.

6. Kushusha. Mrukaji hateremshwi kamba. Helikopta nzima ndiyo inayoshuka naye. Bila mwendo wa mbele, shuka chini ya futi 300 kwa dakika, la sivyo helikopta itazama ndani ya upepo wake yenyewe.

7. Eneo na tangazo. Pasiwe na watu chini, na NOTAM (tangazo rasmi kwa marubani) itoke mapema.

---

Kipanga: Mbona mtandaoni kuna video wameruka na helikopta ya injini moja?

Jibu: Video si kibali. Hatua ya 2.

Kipanga: Nimeuliza tu.

Jibu: Na mimi nimejibu.

BintiAnga: Kwa nini isifungwe kwenye mguu wa helikopta? Mrukaji anatokea mlangoni, ni karibu zaidi.

Jibu: Swali zuri, dada. Ndoano ya mizigo iko karibu chini ya kitovu cha uzito, mguu uko pembeni. Kilo 240 zikivuta pembeni, helikopta inalala upande huo. Rubani anasahihisha, na wakati anasahihisha kamba inalegea, basi inalala upande wa pili. Hata kwenye ndoano rubani asikimbizane na kamba. Ashike nguvu ile ile, aiache helikopta icheze kidogo.

BintiAnga: Na akirudi juu anaweza kufikia panga?

Jibu: Kama mpira usingepoteza nishati, angerudi pale pale alipotokea. Unapoteza, lakini kiasi gani ni kazi ya hatua ya 5 kukuambia. Kamba mpya hupoteza tofauti na iliyochoka, na rukio la mzito lina tofauti na la mwepesi.

Mzee_Kamba: Mkuu, rafiki wa mrukaji akae ndani apige picha, kuna shida?

Jibu: Kwa Sehemu ya 133, wanaopanda ni wahudumu wa ndege, wanaofunzwa, na wenye kazi ya lazima kwenye shughuli hiyo. Rafiki abaki chini na kamera yake.

Tumaini: Kamba moja inatosha watu wote? Nina ya kilo 80.

Jibu: Umesoma hatua ya 4? Mtie mtu wa kilo 100 kwenye kamba ile ile: anashuka hadi mita 50 na nusu na kuvuta kilo 284. Kamba hupangwa kwa makundi ya uzito, na mrukaji anapimwa kwenye mizani siku hiyo hiyo. Uzito wa kutajiwa kwa mdomo haukubaliki.

Mzee_Kamba: Niongezee la kamba: jua linaua mpira. Itunzwe gizani, mbali na mota za umeme kwa sababu ya ozoni, na kila rukio liandikwe kwenye daftari lake.

Jibu: Kweli kabisa. Nami naongeza: mrukaji akishashuka, usiondoke na kamba tupu inaning'inia. Helikopta ikishika mwendo, kamba nyepesi inalala nyuma, na nyuma kuna rota ya mkia. Ivutwe ndani yote ukiwa bado unaelea, au ifunguliwe ikiwa chini.