Somo: Kufanya kishikwambi kikae na chaji, kwa sisi wa Kigoma na mwambao wa ziwa

Habari za leo wadau. Somo hili ni kwa walimu, wahudumu wa afya wa vijijini, wafanyabiashara na wanafunzi wanaotumia vishikwambi huku kwetu. Tangu sensa ya Agosti 2022 ilipokwisha na vishikwambi vyake kukabidhiwa walimu, kifaa hiki kimekuwa cha kila siku shuleni. Mwaka huohuo gridi ya taifa nayo ikafika Kigoma, na mjini tumepumua. Lakini anayepanda boti Kibirizi kwenda Mwamgongo, au anayechaji kwa sola kijijini huko Uvinza, bado anahesabu asilimia moja moja.

Ushauri mwingi unaosambaa unaanza na kupunguza mwanga wa skrini. Ni ushauri wa kweli, ila kwa mazingira yetu mimi nauweka wa pili. Ukikaa mwambaoni, au nyuma ya vilima, mlaji wa chaji asiyeonekana ni mtandao wa simu, na watu wengi hawamgusi kabisa.

Nitaelekeza kwa Android kwa sababu ndiyo iliyo mikononi mwa wengi. Majina ya vitufe hutofautiana kidogo kwa kila kampuni. Usipoona ninachotaja, fungua Mipangilio, andika neno lenyewe kwenye sehemu ya kutafutia iliyo juu, kitakuja.

Hatua ya 1: Jua kwanza nani anakula

Usibadilishe chochote leo. Jaza chaji, tumia kishikwambi chako kama kawaida, kesho jioni fungua Mipangilio, ingia Betri, kisha Matumizi ya betri. Utaona orodha. Matoleo mapya yana namna mbili za kuitazama: kwa programu na kwa mifumo. Tazama zote mbili, maana skrini na mtandao wa simu hujificha kwenye ile ya mifumo.

Skrini ikiwa juu, hiyo ni kawaida kwa kifaa chenye kioo kikubwa. Mtandao wa simu ukiwa juu, hatua ya 2 ndiyo dawa yako. Ikiwa ni programu moja inayokula hata siku ambayo hukuifungua, ruka hadi hatua ya 4. Anayezima kila kitu bila kutazama orodha hii huishia na kishikwambi kisicholeta ujumbe wala kuonyesha ramani, na chaji bado inaisha.

Hatua ya 2: Mtandao

Kifaa chenye laini huzungumza na mnara muda wote, hata skrini ikiwa imezimwa. Mnara ukiwa karibu kinanong'ona. Ukiwa mbali, au mlima ukiwa katikati, kinapaza sauti: kifaa cha 4G kinaweza kupandisha nguvu ya kurusha mawimbi hadi kama wati 0.2, na saketi inayoyasukuma hula zaidi ya hapo. Mawimbi yakikatika kabisa, kinaanza kutafuta minara upya, tena na tena. Ndiyo maana unapanda boti na asilimia 80, kishikwambi kiko ndani ya begi, unashuka umepoteza chaji ambayo hukuitumia.

Sisi tuna jambo la ziada. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, kaskazini ni Burundi, na mawimbi hayajui mpaka. Kifaa kilichoachwa kijichagulie mtandao kinaweza kuhangaika kati ya mnara wa kwetu ulio dhaifu na wa jirani unaosikika vizuri. Fanya hivi:

Ingia Mipangilio, Mtandao na intaneti, kisha laini yako ya simu. Zima data ya kutumia ukiwa kwenye mtandao wa nchi nyingine, ile tunayoita romingi. Hii inaokoa na pesa pia. Halafu tafuta sehemu ya kuchagua mtandao kiotomatiki, izime, subiri orodha ya mitandao ijitokeze, uchague kampuni ya laini yako. Kuanzia hapo kifaa hakitashika mnara wa ng'ambo. Siku ukivuka mpaka, rudisha kiotomatiki, la sivyo utadhani laini imekufa.

Hapohapo kuna aina ya mtandao unaopendelewa. Kama ulipo 4G inakuja na kutoweka, chagua 3G ikae palepale, kwa sababu kuhamahama ndiko kunakokula. Lakini kama 4G yako imesimama imara, iache. Faili kubwa hushuka haraka, na redio, yaani sehemu ya kifaa inayozungumza na mnara, inarudi kupumzika mapema.

Kubwa kuliko yote ni Hali ya ndegeni. Mwalimu anayefundisha kwa kitabu kilichohifadhiwa ndani ya kishikwambi hana sababu ya kuacha laini hewani kipindi kizima. Iwashe unapoingia darasani, izime unapotoka. Safarini ziwani vivyo hivyo. Na ukiwa katika hali hiyo bado unaweza kuwasha Wi-Fi peke yake. Nyumbani au ofisini penye Wi-Fi, huo ndio mpango bora: laini imelala, intaneti ipo.

Hatua ya 3: Skrini

Washa mwangaza unaojirekebisha, kisha ushushe mwenyewe kidogo hadi macho yaridhike. Nje juani huwezi kuukwepa mwanga mkali, kwa hiyo kazi ya kusoma ifanyie kivulini. Muda wa skrini kujizima weka sekunde 30 au dakika moja. Kama kishikwambi chako kina chaguo la kasi ya skrini (mara ambazo picha hujichora upya kwa sekunde) ya 90 au 120, rudisha 60. Utaona ulaini wa kuteleza umepungua kidogo tu, basi.

Sasa mandhari meusi, maana watu huyasifia kupita kiasi. Kwenye kioo cha OLED kila nukta huwaka kwa taa yake, hivyo nyeusi ni taa iliyozimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipima simu za aina hiyo mwaka 2021: mwanga ukiwa asilimia 100, mandhari meusi yaliokoa wastani wa asilimia 39 hadi 47, lakini mwanga ukiwa asilimia 30 hadi 50, yaliokoa asilimia 3 hadi 9 tu. Vishikwambi vingi vya bei nafuu ni LCD, ambavyo taa yake ya nyuma huwaka hata ukurasa ukiwa mweusi tii. Tumia mandhari hayo kwa kupumzisha macho usiku, usiyategemee kwa chaji.

Hatua ya 4: Programu zinazofanya kazi chinichini

Rudi kwenye orodha ya hatua ya 1. Programu inayokula bila kutumiwa, ibonyeze, uiwekee vikwazo vya matumizi ya betri. Usiyoitumia kabisa, iondoe.

Hakikisha Betri inayojirekebisha imewashwa. Ilikuja na Android 9 mwaka 2018, na kazi yake ni kujifunza programu unazozifungua mara chache na kuzipunguzia nafasi. Iache kwa siku kadhaa ijifunze. Kwenye WhatsApp, zima kupakua picha na video kiotomatiki kwa data ya simu. Makundi ya familia na ya kazi huleta video usiku kucha, na kila moja inaamsha redio. Duka la programu nalo lisasishe kwa Wi-Fi tu.

Kwenye Mahali, ruhusu programu chache zitumie, tena wakati zimefunguliwa tu. Ndani ya huduma za mahali kuna utafutaji wa Wi-Fi na wa Bluetooth, ambao huendelea hata ukiwa umezima Wi-Fi yenyewe. Uzime.

Kuna tabia moja naomba tuiache: kufunga programu zote kila baada ya dakika chache kwa kuzitelezesha kuelekea juu ya skrini. Programu iliyopumzika kwenye kumbukumbu haili karibu chochote, ila kuianzisha upya kunakula. Android yenyewe, tangu toleo la 6 la mwaka 2015, hulaza programu kifaa kikitulia na skrini ikiwa imezimwa, na toleo la 7 likaongeza usingizi mwepesi hata kifaa kikiwa kwenye mwendo, mathalani ndani ya begi juu ya bodaboda.

Hatua ya 5: Kiokoa betri

Kiwekee ratiba kijiwashe chenyewe kwenye asilimia 20 au 30. Ukiwa na safari ndefu, kiwashe tangu asubuhi. Kitapunguza kazi za chinichini na huduma ya mahali skrini ikiwa imezimwa, na ujumbe mwingine utachelewa. Ni hilo tu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi niko Kasulu, nimefuata hatua zote lakini sasa ujumbe wa WhatsApp hauingii mpaka nifungue programu. Nimeharibu wapi?*

Marahaba mdogo wangu. Hujaharibu kitu. Bila shaka WhatsApp imeingia kwenye zile ulizowekea vikwazo, au Kiokoa betri kinawaka muda wote. Ingia Mipangilio, Programu, WhatsApp, Betri, uirudishe kwenye hali ya kawaida. Ikiendelea kuchelewa, ipe ruhusa ya bila vikwazo, na ruhusa hiyo uiache kwa programu mbili tatu unazozihitaji kweli.

*Kishikwambi changu kinakaa vizuri mpaka asilimia 40, halafu kinazimika ghafla. Nikikiweka kwenye chaja kinaonyesha 35. Nipunguze nini?*

Hapo ndugu yangu mipangilio haitakusaidia, betri imechoka. Betri ya lithiamu ikizeeka ukinzani wake wa ndani hupanda, na kifaa kikihitaji nguvu nyingi kwa mkupuo volti huporomoka, kinajizima ili kujilinda. Chaji iliyobaki ipo, haitoki tu. Tafuta fundi anayeaminika abadilishe betri. Na tazama mgongo wa kifaa: ukiona umetuna au kioo kinaachia pembeni, betri imevimba. Acha kuchaji leo hii, usiibonyeze wala kuitoboa, na usikiweke karibu na godoro au moto.

*Mimi ni mama wa biashara pale Kibirizi. Nyumbani wananiambia nisichaji usiku kucha, betri itakufa. Ni kweli?*

Dada, kifaa hukata chenyewe kikijaa, hakiendelei kumeza umeme. Ila kukaa kwenye 100 kwa saa nyingi, hasa penye joto, huichosha betri polepole. Angalia kwenye Betri kama kuna chaguo la kulinda betri. Vifaa vingi vya sasa vinaweza kusimamisha chaji kwenye asilimia 80 au 85. Liwashe kwa siku za kawaida, ulizime mkesha wa safari. Joto ndilo la kuogopa zaidi. Usichaji juu ya kitanda, usiache kishikwambi juani sokoni, na kama unatumia sola, paneli ikae juani lakini kifaa kivulini, waya ufike huko.

*Shikamooni. Nina paneli ndogo na nimenunua pawabenki ya 10,000. Kishikwambi kina betri ya 7,040. Mbona haikijazi mara moja na nusu kama hesabu inavyosema?*

Marahaba mzee wangu, na shikamoo yako nairudisha kwa heshima. Hesabu ya mAh (miliampea-saa, kipimo cha hizo namba zako) inadanganya kwa sababu volti hazimo. Pawabenki ya mAh 10,000 kwa volti 3.7 ina wati-saa 37, na wati-saa ndicho kipimo cha nishati yenyewe. Betri ya 7,040 kwa volti 3.85 ina kama wati-saa 27. Umeme unapopandishwa hadi volti 5 na kushushwa tena ndani ya kishikwambi, robo hadi theluthi hupotea kama joto. Unabaki na wati-saa 25 hadi 28, yaani kujaza mara moja kwa shida. Pawabenki yako ni nzima.

Na chaja nayo itazame. Ya volti 5 na ampea 1 inatoa wati 5, kwa hiyo kishikwambi hicho kitachukua zaidi ya saa tano na nusu, kikiwa kimelala. Ya ampea 2 itachukua karibu nusu ya muda huo, kama kifaa kinaukubali mkondo huo. Ukitumia sola chaji pawabenki mchana, halafu usiku uhamishie kwenye kishikwambi, kwa sababu wingu likipita paneli hushuka na kifaa huanza na kuacha kuchaji ovyo.

*Kuna programu ya kuongeza chaji nimetumiwa kwenye kundi, inasema betri itadumu mara mbili. Niiweke?*

Usiiweke. Hakuna programu inayoweza kuongeza kilichomo ndani ya betri, na nyingi za aina hiyo hukaa macho muda wote zikionyesha matangazo. Tena faili la programu lililotoka kwenye kundi linaweza kubeba kitu cha kuiba nywila zako za pesa. Kama umeshaigusa, iondoe, kisha uangalie kwenye Mipangilio ni ruhusa gani ilikuwa imepewa.

*Kishikwambi changu hakina laini, natumia hotspoti ya simu. Hatua ya 2 inanihusu?*

Inahusu simu yako, kaka. Kishikwambi kinapata Wi-Fi iliyo karibu na kinakula kidogo, simu ndiyo inayobeba mzigo wote wa mnara. Iweke simu dirishani au mahali penye mawimbi mazuri, zima hotspoti mara tu unapomaliza, na kwenye mipangilio ya hotspoti washa ile ya kujizima kama hakuna kifaa kilichounganishwa.